Modeli Ikikataa Kuwa Chipu



Katika nyanda kavu za Karoo, mkoa wa Northern Cape nchini Afrika Kusini, zimesimama sahani 64, kila moja ikiwa na kipenyo cha mita 13.5. Zote kwa pamoja ni darubini moja ya redio, MeerKAT, iliyozinduliwa Julai 2018. Picha zake za kitovu cha kundi letu la nyota zimezunguka dunia nzima, na wengi wenu mmeziona. Leo sitasema mengi juu ya nyota. Nitasema juu ya kilichopo kati ya sahani na picha, yaani chipu zinazopokea namba mabilioni kila sekunde na kuzichambua papo kwa papo, na juu ya namna chipu hizo zinavyopata kazi yake na hitilafu zinazojitokeza njiani.

Nimechagua mfano huu kwa sababu ni wa bara letu, na kwa sababu Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi mkubwa wa darubini ya redio wa SKA, kwa hiyo baadhi ya wanafunzi waliokaa hapa huenda siku moja wakaajiriwa katika kazi hii hasa. Lakini hitilafu nitakazozieleza hazibagui. Atakutana nazo anayebuni redio ya mawasiliano, anayetengeneza kifaa cha kupima moyo, na anayebuni kidhibiti cha mota.

Wahandisi wa darubini za namna hii kwa kawaida hawaandiki saketi nzima mstari kwa mstari. Wanaichora. Kuna ushirikiano wa kimataifa uitwao CASPER, uliozaliwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukigawa bure maktaba ya vijenzi vilivyokwisha kutayarishwa: vichujio, hatua za FFT (hesabu inayogawanya wimbi katika masafa yake), vijumlishi, milango ya mtandao. Mhandisi anafungua Simulink, programu ya kuchora na kuiga modeli, anaunganisha visanduku kwa waya, anaingiza mawimbi ya kubuni upande mmoja na kutazama yanayotoka upande wa pili. Akiridhika, anaiamuru programu igeuze mchoro kuwa msimbo wa VHDL au Verilog, na msimbo huo ugeuzwe tena kuwa mpangilio wa waya ndani ya chipu ya aina ya FPGA. Bodi za ROACH, ambazo wahandisi wa Afrika Kusini walishiriki kuzibuni, zilipangwa kwa njia hii. Kizazi chake cha pili kilikuwa sehemu ya vifaa vya mtandao wa darubini uliotoa picha ya kwanza ya shimo jeusi, Aprili 2019.

Kwa wageni wetu, FPGA ni chipu inayoondoka kiwandani bila kazi maalumu. Ndani yake kuna vijedwali vidogo vya mantiki, rejista, vizidishi, kumbukumbu, na waya nyingi mno zinazoweza kuunganishwa upya kila unapotaka. Kampuni ya Xilinx ilitoa ya kwanza mwaka 1985 ikiwa na vitalu 64 tu vya mantiki. VHDL na Verilog nazo ni lugha za kueleza saketi. Anayezisoma kama maagizo yanayofuatana, hili kwanza kisha lile, atapotea mapema, kwa sababu ndani ya saketi kila kitu kinatokea kwa wakati mmoja.

Sasa basi. Umechora, umeiga, mawimbi yametoka mazuri. Unaamuru msimbo utengenezwe, programu inakataa. Au, na hii ndiyo mbaya zaidi, inakubali kimyakimya, saketi inawaka, na inatoa majibu mengine kabisa.

Msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunibishia baadaye: karibu kila hitilafu ya namna hii ni deni ambalo modeli, yaani mchoro wako, ilikuwa imelificha. Kompyuta ya mezani ni mkarimu kupita kiasi. Inakupa namba za biti 64 bila kuuliza utazitumia vipi. Inasimamisha wakati hadi hesabu iishe. Inakupa kumbukumbu bila kukuonyesha bei. Chipu haina ukarimu huo, na siku ya kutengeneza msimbo ndiyo siku ambayo kila ulichokikopa kinadaiwa. Kwa hiyo anayetafuta hitilafu asianze kwa kuuliza msimbo una kosa gani. Aulize: modeli yangu ilichukua nini bila kulipa?

Madeni mengine ni madogo, nayapita haraka. Kuna kijenzi cha wakati usiokatika, mfano kiunganishi cha kalkulasi, kilichosahauliwa mahali panapotakiwa hatua za wakati zilizohesabika. Kuna safu inayobadilisha urefu wake huku kazi ikiendelea. Waya za shaba hazirefuki. Kuna mgawanyo au sini iliyowekwa kana kwamba ni bure, wakati katika chipu inabidi iwe jedwali, au ipatikane kwa mbinu ya CORDIC ambayo Jack Volder aliichapisha mwaka 1959 kwa ajili ya kompyuta ya uongozaji wa ndege. Haya programu huyataja kwa jina na mahali, nawe unayarekebisha kabla ya chai kupoa.

Deni dogo linalopoteza muda kuliko linavyostahili ni la aina ya namba. Mwanafunzi anaonyeshwa rangi nyekundu kwenye kijumlishi katikati ya mchoro. Anakifuta, anakichora upya, anabadilisha mipangilio yake, wapi. Kijumlishi hakina kosa lolote. Kosa liko visanduku vingi nyuma, kwenye namba ya kudumu 0.5 iliyoachwa na aina yake ya asili, biti 64 za nukta inayoelea, na ambayo imeambukiza kila waya uliopita kwake. Hitilafu za aina ya namba hufuatwa dhidi ya mkondo, kutoka palipolalamika kurudi kwenye chanzo. Washa maandishi ya aina kwenye kila waya, uyasome. Inachosha, lakini inachosha kidogo kuliko kubahatisha.

Mzunguko usio na ucheleweshaji unahitaji uangalifu zaidi. Umetoa jibu la kijumlishi ukalirudisha kwenye mlango wake mwenyewe bila rejista katikati. Katika uigaji, programu inaweza kukisia thamani, kuijaribu, na kukisia tena mpaka mlinganyo utimie. Saketi haiwezi kukisia. Itatetemeka au itakwama. Kila kitabu kitakwambia uweke ucheleweshaji wa mpigo mmoja, na ndivyo ilivyo, lakini wanafunzi huuweka popote wanapoona nafasi. Ucheleweshaji ndani ya mzunguko unabadilisha mlinganyo wenyewe. Kichujio cha kujirudia kilichokuwa kimetulia kinaweza kuanza kulia chenyewe. Kabla ya kuuweka, rudi kwenye karatasi, andika mlinganyo ukiwa na kipengele kipya, utafute ncha zake ziko wapi. Programu haitakufanyia hilo.

Nafika kwenye deni kubwa, upana wa namba, na hapa nitakaa.

Uhandisi una makaburi ya kulitaja deni hili. Februari 25, 1991, kule Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot ulishindwa kulizuia kombora, na wanajeshi 28 wa Marekani walikufa. Saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika mfumo wa namba mbili; tarakimu zake hazina mwisho, na rejista ilikuwa na biti 24. Baada ya takriban saa 100 za kuwaka bila kuzimwa, kosa dogo lilikuwa limekua hadi theluthi moja ya sekunde hivi. Juni 4, 1996, roketi ya Ariane 5 iliharibika chini ya dakika moja baada ya kuruka kwa sababu thamani ya biti 64 ilisukumwa ndani ya nafasi ya biti 16 isimotosha. Msimbo ule ulikuwa umerithiwa kutoka Ariane 4, ambayo mwendo wake haukuwahi kufikisha thamani kubwa kiasi hicho. Zile zilikuwa programu, hazikuwa saketi zilizotengenezwa kutoka mchoro, lakini hesabu ni ileile.

Chukua neno la biti 16, moja ikiwa ya alama, 14 zikiwa kulia kwa nukta. Linaweza kubeba kuanzia -2 hadi pungufu kidogo ya 2, kwa hatua za 1/16384. Ukizidisha maneno mawili ya namna hiyo unapata biti 32. Ukijumlisha matokeo 64 kama hayo, kama kichujio chenye vigezo 64 kinavyofanya, unahitaji biti 6 zaidi: 38. Kizidishi cha ndani ya chipu kina upana wake maalumu, na waya zina bei, kwa hiyo lazima ukate mahali fulani. Ukikata juu, namba inafurika, na katika hesabu ya biti 16 kipimo cha 32767 ukikiongeza 1 kinakuwa -32768. Kilele cha wimbi kinageuka ghafla kuwa bonde. Ukikata chini, unapoteza unyeti. Hakuna mahali pa kukata pasipouma.

Turudi Karoo muone jinsi jambo hili linavyokuwa gumu. FFT ya nukta 8192 ina hatua 13. Katika kila hatua, wimbi safi la masafa mamoja linaweza kukua maradufu, yaani biti moja. Kelele ya angani, ambayo kwa mwanafizikia wa nyota ndiyo data yenyewe, hukua kwa kipeuo cha pili cha 2 tu, yaani nusu biti. Ukigawa kwa 2 kila hatua ili usifurike kamwe, umeondoa biti 13 ambapo kelele ilikua kwa biti 6 na nusu. Data yako inazama chini ya biti ya mwisho na kupotea. Ukiacha kugawa, siku linapokuja wimbi kali saketi inafurika na masafa yote yanachafuka, hata yale yasiyohusika.

Na wimbi kali litakuja tu. Mkanda mmoja wa MeerKAT ni kati ya megahetsi 856 na 1712. Ndani yake mna ndege zinazojitangaza kwenye 1090 na setilaiti za GPS kwenye 1227.60 na 1575.42. Mwanafunzi aliyeijaribu modeli yake kwa kelele ya upole iliyotoka kwenye kitengeneza namba nasibu hajawahi kuikutanisha na ndege. Modeli haikumdanganya, hakuiuliza. Ndiyo maana FFT ya CASPER haikufungia uamuzi huu ndani ya chipu. Kila hatua ina swichi yake ya kugawa au kutogawa, inayobadilishwa na programu saketi ikiwa inafanya kazi, na kuna kiashiria kinachoinuka kufurika kunapotokea. Napenda ubunifu huo kwa unyenyekevu wake: aliyechora alikiri kwamba hawezi kuijua anga ya kesho.

Kuna kosa lingine la upana ambalo halina kiashiria. Njia rahisi kuliko zote ya kupunguza biti ni kuzitupa za mwisho, na zana nyingi hufanya hivyo usipoziambia vinginevyo. Kuzitupa ni kushusha daima, hata kwa namba hasi, kwa hiyo kila kipimo kinapungua kwa wastani wa nusu ya biti ya mwisho. Nusu biti! Nani ataiona? Katika uigaji wa sampuli elfu kadhaa, hakuna. Lakini darubini hujumlisha kwa muda mrefu. Tuseme kelele yako ina ukubwa wa biti za mwisho 10. Ukichukua wastani wa sampuli milioni 1, kelele inapungua mara 1000, inabaki 0.01. Mwegemeo wa nusu biti haupungui hata chembe. Sasa ni mkubwa mara 50 kuliko kelele, na umesimama pale kama chanzo kipya cha redio angani. Tiba ni kukadiria kwenda kwenye namba iliyo karibu, na inapokuwa katikati kamili kwenda kwenye namba shufwa. Inagharimu kijumlishi kidogo kila mahali. Wabunifu wengi hukiondoa ili kuokoa nafasi, na mimi naona ni ubahili mbaya kwa chombo cha kupima.

Deni linalofuata ni wakati. Mkanda niliousema husampuliwa mara milioni 1712 kwa sekunde. FPGA haiendi kasi hiyo. Saketi kubwa ya namna hii hujivunia megahetsi mia mbili na kitu. Gawa 1712 kwa 8 upate 214, na kwa hiyo sampuli 8 zinaingia bega kwa bega kila mpigo. Kwenye mchoro wako sasa kuna waya 8 mahali ambapo kitabu kilichora mmoja. Na kila mpigo una chini kidogo ya nanosekunde 5. Katika muda huo ishara lazima itoke kwenye rejista moja, ipite mantiki yote, isafiri kwenye waya, na kutulia kwenye rejista inayofuata. Uigaji wako haukujua lolote kuhusu hilo. Kwake kijumlishi cha biti 38 hakichukui muda.

Ripoti ya muda itakuja na namba hasi, kwamba njia fulani imechelewa kwa nanosekunde 1.3, tuseme. Tiba ni kukata njia vipande kwa rejista za kati. Zana za kisasa hukuwekea rejista hizo zenyewe na kusawazisha njia sambamba zisiachane, isipokuwa ndani ya mzunguko, ambako kila rejista mpya inabadilisha hesabu, kama nilivyosema. Ukiona zana inalalamika kwamba imeshindwa kusawazisha, tafuta mzunguko uliofichika kabla ya kutafuta kitu kingine.

Lakini mkono wa binadamu nao huweka rejista, na hapo ndipo wimbi moja linapochelewa sampuli moja nyuma ya jingine. Sampuli moja kwa kasi ile ni nanosekunde 0.58, ambazo mwanga hutumia kusafiri sentimita 17.5. Huo ni urefu mzima wa wimbi kwenye megahetsi 1712, na nusu ya urefu wa wimbi kwenye 856. Kwa hiyo antena iliyochelewa sampuli moja inainamisha awamu kwa nusu mzunguko kutoka mwanzo hadi mwisho wa mkanda. Ukiijaribu antena hiyo peke yake hutaona chochote, maana spektra ya nguvu haijali awamu. Itapita kila jaribio la maabara. Ni pale utakapoilinganisha na mwenzake, na sahani 64 zina jozi 2016 za kulinganisha, ndipo jozi zote zinazoihusu zitakapopinda.

Mtu atauliza: kama najua mstari wenye kosa ndani ya VHDL iliyotengenezwa, kwa nini nisiurekebishe palepale? Kwa sababu kesho mwenzako ataamuru msimbo utengenezwe tena na rekebisho lako litafutika bila mtu kujua. Na kwa sababu tangu hapo modeli na chipu ni vitu viwili tofauti, na uigaji wako hauthibitishi tena chochote. Msimbo uliotengenezwa usomwe, tena usomwe kwa bidii, kama daktari anavyosoma eksirei. Dawa iwekwe kwenye mchoro.

Namna ya kutafuta, basi. Usianze na mawimbi ya sini. Sini ni nzuri machoni na huficha mengi. Kwa zile njia 8 sambamba, ingiza kihesabio: 0, 1, 2, 3, kuendelea. Njia mbili zikibadilishana nafasi, utaona 0, 2, 1, 3 mara moja. Kwa kichujio, ingiza moja ikifuatiwa na sifuri tupu. Vigezo vyake vitatoka kimoja kimoja, nawe utajua kipi kimekatwa vibaya. Unapolinganisha modeli na msimbo, kwanza isogeze modeli kwa idadi ya mipigo iliyoongezwa na rejista, kisha dai usawa wa biti kwa biti. Nimewaona watu wakiruhusu tofauti ya asilimia moja ili jaribio lipite. Katika hesabu za namba kamili hakuna asilimia. Ama biti ni ileile au una jambo hulielewi bado. Ikishindikana, kata mchoro katikati, linganisha nusu ya kwanza, uendelee kukata.

Yapo ambayo uigaji wa namna hii hautakuonyesha kamwe, hata ukiwa mwangalifu kiasi gani. Ishara inayovuka kutoka saa moja kwenda saa nyingine isiyopatana nayo inaweza kunaswa ikiwa katikati ya kugeuka, isiwe 0 wala 1 kwa muda usiotabirika. Modeli yenye saa moja haina mahali pa kuonyesha hali hiyo. Ndiyo maana bodi inayofanya vizuri asubuhi na kukosea mara moja kila saa kadhaa mchana haipaswi kurudishwa kwenye uigaji. Kagua kwanza mipaka ya saa na rejista mbili mbili za kuvukia.

Kwa yaliyobaki, jengea saketi macho yake tangu siku ya kwanza. Maktaba ya CASPER ina kijenzi cha kupiga picha: kumbukumbu ndogo inayonasa sampuli elfu kadhaa zilizopita kwenye waya halisi na kumruhusu mhandisi azivute kwenye kompyuta yake. Wanafunzi hukiona kama pambo na kukiondoa nafasi inapobana. Mimi ningeondoa vingine vyote kabla yake. Kiweke kimoja mlangoni na kingine mwishoni, na uvianzishe kwa mpigo mmoja. Zile sampuli za mlangoni, pamoja na ndege yake na setilaiti zake, zirudishe ndani ya modeli zikiwa ndiyo ingizo. Kisha linganisha inachotoa modeli na kile ambacho chipu ilitoa kwa biti hizohizo.

Nawakaribisha kwa maswali.